Si Kila Kilichomo Chunguni ni cha Mbwa

Wahenga walisema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Walimaanisha kuwa kiumbe hujikaza hadi pumzi ya mwisho aonapo wokovu mbele yake. Lakini mbwa anayefugwa nyumbani hana ufuko mwingine wa kuutazama ila mkono wa mwenye nyumba. Haendi sokoni kuchagua, hapiki, wala hakuna wa kumwuliza kama alichowekewa jana kilimkaa vizuri tumboni. Anachomwagiwa katika chombo chake ndicho anachokila, naye hukila kwa imani kamili.

Kwa sababu hiyo, swali la mboga zipi za jikoni zinamfaa mbwa na zipi zinamdhuru lisihesabiwe kuwa la anasa, la watu wenye mbwa wa kulala juu ya mazulia. Ni swali la kila ua wa Bujumbura wenye mbwa penye lango, kuanzia vilima vya Kiriri hadi Kinama, na kuanzia Cibitoke hadi Kanyosha. Hasa linawahusu watu wa familia za askari. Baba akiwa zamu ya usiku kambini au kituoni, mama na watoto hubaki nyuma ya mlango uliofungwa, na huko nje aliye macho ni mbwa peke yake. Mlinzi huyo halipwi mshahara. Posho yake ni makombo. Basi ni wajibu kujua kilichomo ndani ya makombo hayo.

Makombo ya mji huu yanajulikana. Ni ugali wa muhogo au wa mahindi, maharagwe, lengalenga, sombe iliyoungwa kwa mawese, ndizi za kupika, viazi, na siku za neema vichwa vya mukeke au vumbi la ndagala lililobaki chini ya mfuko. Chakula cha mbwa kinachotengenezwa viwandani kipo madukani, lakini bei yake haimlengi mtu wa mshahara wa kawaida. Mbwa wengi wa Bujumbura huzaliwa, hukua na huzeeka bila kukionja.

Katika mtaa wa Buyenzi, wenye Waislamu wengi, mbwa hukaa nje, huwa na chombo chake mwenyewe, wala haingii mahali wanaposwali watu. Huo ni utaratibu mzuri. Hata hivyo kuwekwa nje kusiwe kusahauliwa, maana anayelinda ana haki ya kulishwa, tena kulishwa kisichomwua.

MBWA NA CHAKULA CHA SHAMBANI

Wapo wanaosema kwamba mbwa ni mla nyama, na kwamba kumpa ugali na mboga ni kumdhulumu. Usemi huo una ukweli nusu. Ni kweli kwamba mbwa anahitaji chakula chenye kujenga mwili, kama nyama, samaki au mayai. Lakini si kweli kwamba tumbo lake halijui chakula cha shambani. Mwaka 2013 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Uppsala, nchini Sweden, walichapisha matokeo ya kulinganisha chembe za urithi za mbwa na za mbwamwitu. Waligundua kwamba chembe inayoongoza utengenezaji wa kimeng'enya cha kusagia wanga ipo maradufu mara nyingi katika mbwa kuliko katika mbwamwitu. Kwa maneno mengine, kwa maelfu ya miaka ambayo mbwa ameishi pembezoni mwa majiko na mashamba ya binadamu, mwili wake umejifunza kula kile anachokula mkulima.

Kwa hiyo mama wa nyumbani asione aibu kumpa mbwa ugali, viazi vitamu vilivyochemshwa au boga. Vikichanganywa na ndagala wakavu wasio na chumvi, waliooshwa mchanga, hicho ni chakula cha maana. Wenye kutangulia katika jambo hili ni bibi zetu, ambao walilea mbwa wa kuwinda na wa kuchunga ng'ombe bila kuona kopo la dukani.

Tatizo limeanzia kwingine. Chungu cha bibi kilikuwa na maji, chumvi kidogo na mboga. Chungu cha leo kina vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, na vile vipande vya kuungia mchuzi vinavyouzwa madukani. Mboga haikubadilika sana. Viungo vyake ndivyo vilivyobadilika. Na humo katika viungo ndimo adui wa mbwa alimojificha.

KISA CHA BUYENZI

Sajini mmoja wa jeshi, aliyepanga nyumba Buyenzi si mbali na soko la Ruvumera, alirejea nyumbani baada ya mwaka mzima kazini Somalia. Askari wa Burundi walianza kwenda huko mwezi Desemba 2007 chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, nao waliendelea kwa zaidi ya miaka 15. Familia nyingi za mji huu zinajua uzito wa mwaka wa namna hiyo. Katika mwaka huo mkewe alikuwa peke yake na watoto wanne na mbwa mmoja wa kienyeji, wa rangi ya kahawia, mwenye uzito wa kama kilo 15. Watoto walimwita Simba. Usiku mmoja wezi waliparamia ukuta. Simba alibweka na kung'ang'ania pindo la suruali ya mmoja wao mpaka mtaa wote ukaamka. Tangu siku ile mke wa sajini hakumhesabu tena kama mnyama tu.

Sajini aliporudi salama, familia iliandaa karamu ya shukrani siku ya Jumapili. Ilipikwa pilau ya kuwatosha majirani, na kilo kadhaa za vitunguu zilimenywa. Sufuria moja ya vitunguu vya kukaanga ilisahauliwa motoni, ikaungua upande mmoja. Haikufaa kuwekewa wageni, na kuitupa ilionekana ni kufuru. Jumapili usiku, Jumatatu na Jumanne, vitunguu hivyo pamoja na ukoko wa pilau vilichanganywa na ugali, vikawa chakula cha Simba. Naye alivifurahia, kwa kuwa vilikuwa na mafuta.

Alhamisi asubuhi mtu alibisha hodi langoni na mbwa hakuinuka. Alikuwa amelala ubavu, anapumua haraka haraka kama aliyekimbizwa. Fizi zake, ambazo siku zote zilikuwa nyekundu, zilikuwa zimepauka. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai kavu iliyokolea.

"Mama watoto," alisema sajini, "huyu amelishwa sumu, na aliyemlisha hayuko mbali."

"Baba watoto, ulimwona?"

"Sikumwona. Lakini ni nani aliyelalamika juu ya mbwa huyu, kama si fundi?"

Ni kweli kwamba jirani wa ukuta wa pili, fundi cherehani, alikuwa amekuja mara mbili kueleza kuwa mbwa anabweka usiku na mtoto wake mchanga halali.

"Kulalamika si kuua," alijibu mkewe. "Ngoja daktari aje kwanza. Neno la sumu ukishamtamkia mtu, hulirudishi tena mdomoni."

Sajini hakungoja. Alisimama penye ukuta akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwenye kuua mbwa wa mtu hashindwi kumwua mtu mwenyewe. Upande wa pili cherehani ilinyamaza. Kufika alasiri watoto wa nyumba hizo mbili, waliokuwa wakicheza pamoja kila siku, walikuwa wamekaa kila mmoja katika ua wake. Mwenye nia mbaya hakuhitajika tena. Shaka peke yake ilikuwa imeanza kazi.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo. Nchini Burundi neno la kumlisha mwingine sumu ni neno zito sana. Limevunja koo, limehamisha watu, na limepeleka wengine mbele ya sheria. Nchi iliyokwisha kuonja uchungu wa jirani kumshuku jirani haina haja ya kuongezewa ugomvi unaotokana na sufuria ya vitunguu.

Daktari wa mifugo alikuja jioni kwa pikipiki. Alifungua mdomo wa mbwa kwa uangalifu, akatazama fizi, akasikiliza moyo, akaomba aonyeshwe mahali alipokojoa. Kisha akauliza alichokula.

"Jana alikula ugali mtupu, tena kidogo," alisema sajini. "Usiku ndipo aliporushiwa kitu."

"Afande, leo ni Alhamisi. Usinieleze ya jana. Nieleze alichokula Jumapili na Jumatatu."

Palikuwa na kimya. Ndipo binti mkubwa, wa miaka 12, aliposema, "Daktari, ni mimi niliyempa vile vitunguu vilivyoungua. Vilikuwa vingi. Nilimpa siku tatu, vikaisha."

Hakukemewa na mtu. Daktari alimweleza kwamba alitenda kwa wema, na kwamba watu wazima wengi wa mji huu hawalijui jambo hilo. Alisema mbwa hakuwa na adui, ila damu yake ilikuwa ikivunjika kwa sababu ya vitunguu. Dawa ya kuifuta sumu hiyo haipo. Kilichobaki ni kumpumzisha, kumpa maji safi wakati wote, kumlisha chakula laini chenye nguvu, na kumtazama kila siku. Kama damu ingeshuka zaidi angehitaji kuongezewa damu ya mbwa mwingine, na hilo si jambo jepesi.

Simba alipona, ingawa ilimchukua majuma matatu kurudi langoni kwa mwendo wake wa zamani. Sajini naye alikuwa na safari fupi kuliko ile ya Somalia, lakini pengine nzito zaidi. Alikwenda kwa jirani yake, akabisha hodi, akasema, "Jirani, nilisema neno zito, na halikuwa la kweli. Nimekuja kuliondoa."

Fundi alimtazama kwa muda. "Neno nililisikia, afande, na mke wangu alilisikia. Lakini mtu aliyekuja mwenyewe mlangoni amekwisha kulipa. Ila mbwa wako bado anabweka sana."

Wakacheka. Juma lililofuata kibanda cha Simba kilihamishiwa upande wa pili wa ua, mbali na dirisha la mtoto mchanga.

KWA NINI KITUNGUU?

Kitunguu maji, kitunguu saumu, na vile vitunguu vya majani marefu ambavyo wapishi wengi wa Bujumbura huviita kwa jina lake la Kifaransa, puaro, ni wa ukoo mmoja. Ndani yao mna kemikali zenye salfa, ambazo ndizo huvipa harufu na kuwatoa wapishi machozi. Mbwa akizila, huingia katika damu na kuzishambulia chembechembe nyekundu, zile zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Chembechembe hizo hupata madoa, hudhoofika, kisha huvunjika. Rangi yake humwagika katika mkojo, na mnyama hubaki akihema hata akiwa amelala. Chembechembe za binadamu zina kinga kubwa zaidi mbele ya kemikali hizo, na ndiyo maana baba hula kachumbari akashiba wakati mbwa wake anadhurika.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1930 mtaalamu wa Marekani, W. H. Sebrell, alichapisha habari za mbwa waliopungukiwa damu baada ya kulishwa vitunguu. Tangu wakati huo uchunguzi umeendelea, na kipimo kinachotumiwa na madaktari wa mifugo ni kwamba madhara huonekana mbwa anapokula kwa mara moja vitunguu vyenye uzito unaozidi nusu ya sehemu moja katika mia ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 15, kama Simba, hizo ni gramu 75 tu, yaani pungufu ya kitunguu kimoja cha kadiri. Kwa mbwa mkubwa wa kazi mwenye kilo 30 ni gramu 150. Na kidogo kidogo kinachotolewa kila siku nacho hujikusanya, kwa kuwa damu haipewi nafasi ya kujijenga upya.

Mambo matatu yafaa yakumbukwe hapa. La kwanza, kupika hakuiondoi sumu hii. Kitunguu kibichi, kilichochemshwa, kilichokaangwa na kilichosagwa kuwa unga vyote vina madhara, na kilichokauka kina nguvu zaidi kwa uzito wake, kwa sababu maji yametoka na kemikali imebaki. La pili, kitunguu saumu kina nguvu kupita kitunguu maji. Wapo wanaowapa mbwa kitunguu saumu wakiamini kinaua minyoo na kufukuza kupe. Desturi hiyo iachwe. Dawa ya minyoo ipo, tena hutolewa kwa kipimo. La tatu, na hili ndilo lililomponza sajini, dalili za damu kuvunjika mara nyingi huchelewa kwa siku kadhaa. Mtu hutafuta sababu katika chakula cha jana, kumbe sababu ilikwisha kuliwa na chombo kikaoshwa.

MBOGA NYINGINE, MOJA BAADA YA NYINGINE

Karoti haina neno. Mbwa anaweza kuila mbichi ikiwa imekatwa vipande vidogo, au iliyochemshwa. Boga lililochemshwa bila chumvi wala sukari ni zuri, tena husaidia tumbo lililovurugika. Viazi vitamu vilivyoiva ni chakula chema.

Kabichi inafaa kwa kiasi kidogo, ikiwa imepikwa. Ikizidi humjaza mbwa gesi, na mwenye nyumba atajuta kwa harufu. Lengalenga ni mboga njema, lakini ina chumvichumvi za asili ambazo zikizidi husumbua figo. Ichemshwe, maji yamwagwe, kisha apewe kidogo. Mbwa mwenye ugonjwa wa figo au vijiwe vya kibofu asipewe.

Nyanya iliyoiva vizuri haimdhuru mbwa kwa kiasi kidogo. Nyanya mbichi za kijani, pamoja na majani na vikonyo vyake, zina sumu. Mbwa anayependa kulala kivulini katika bustani ya nyanya awekewe uzio.

Viazi mviringo vinahitaji jicho kali. Kiazi kilichokaa juani kikageuka kijani, au kilichochipua, kina sumu iitwayo solanini, na kuchemsha hakuimalizi. Mwishoni mwa siku sokoni viazi vya namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini, na mama huona kwamba kisichofaa kwa watoto kitafaa kwa mbwa. Hakifai. Apewe kiazi kizima kilichomenywa na kuiva.

Maharagwe ndiyo nguzo ya mlo wa Burundi, na mbwa anaweza kuyala. Lakini maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoshika matumbo ya binadamu na mnyama. Sumu hiyo huvunjwa na moto mkali: maharagwe yalowekwe, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kuachwa yaive polepole. Siku hizi makaa yamekuwa ghali, na baadhi ya majiko hupunguza moto wa mbabula mapema mno. Maharagwe yaliyopashwa moto tu bila kuchemka sawasawa yanaweza kudhuru kuliko hata mabichi. Onyo hilo ni la mbwa na la watoto pia.

Muhogo na majani yake yanataka heshima ya pekee. Ndani ya muhogo mna kitu ambacho kikisagwa au kutafunwa hutoa sayanidi, sumu kali inayozuia mwili kutumia hewa. Muhogo mchungu unayo kwa wingi kuliko mtamu, na maganda yana nyingi kuliko nyama yake. Ndiyo maana mababu walivundika muhogo majini, wakaukausha na kuutwanga. Katika Kongo, watu waliolazimika kula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha wamepatwa na ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo. Kama sumu hiyo inaweza kumlemaza binadamu mzima, mbwa na mbuzi wa nyumbani hawana kinga. Maganda mabichi ya muhogo yasiachwe uani. Sombe nayo hutwangwa sawasawa na kuchemshwa kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, ili sumu itoke na mvuke. Ikishaiva hivyo mbwa anaweza kuonjeshwa, ila kabla haijatiwa vitunguu.

Pilipili humwasha mbwa mdomo na tumbo bila faida yoyote. Uyoga wa porini asipewe kabisa. Vile vipande vya kuungia mchuzi vina chumvi nyingi na mara nyingi unga wa kitunguu. Mchuzi wake si wa mbwa.

Yapo pia madhara yasiyo ya sumu. Gunzi la mahindi ni hatari kubwa, maana mbwa hulimeza vipande vikubwa, nalo haliyeyuki. Huziba utumbo kama kizibo, na mara nyingi bila kupasuliwa mnyama hufa. Kokwa ya embe na ile ya parachichi ni vivyo hivyo. Nyama ya parachichi ina mafuta mengi yanayoweza kumharisha mbwa, na ina kitu kinachodhuru zaidi ndege, mbuzi na sungura. Wakati wa msimu wa maembe na maparachichi, ambapo kokwa hutapakaa kila mahali, watoto wafundishwe kuzitupa ndani ya pipa lenye kifuniko.

DALILI NA LA KUFANYA

Mbwa aliyekula kisichomfaa anaweza kutapika, kuharisha, kukataa chakula, kutokwa na mate mengi au kuyumba. Damu ikiwa imeharibika, fizi hupauka au hugeuka njano, pumzi huwa za haraka, na mkojo huwa mwekundu au wa kahawia. Muhogo mchungu huua upesi: mnyama huhema kwa shida na kutetemeka katika muda mfupi.

La kwanza ni kuondoa chakula kilichosalia na kukiweka ili daktari akione. La pili ni kukumbuka milo ya siku tano zilizopita, na kuwauliza watoto kwa upole, kwa sababu mtoto anayeogopa kiboko hasemi kweli. La tatu ni kumwita daktari wa mifugo mapema. Kama kitunguu kimeliwa muda mfupi uliopita, daktari anaweza kumtapisha mbwa kwa njia salama; siku tatu baadaye nafasi hiyo imekwisha kupita.

Watu wengi hukimbilia kumnywesha mbwa maziwa, mawese au maji ya chumvi. Maziwa na mawese haviondoi sumu ya kitunguu. Maji ya chumvi yenyewe yanaweza kumwua. Tena mnyama dhaifu akimiminiwa kitu kooni, kinaweza kuingia mapafuni.

Zaidi ya yote, mtu asitie mkono katika mdomo wa mbwa mgonjwa asiyejulikana chanzo cha ugonjwa wake. Mbwa anayetokwa na mate, asiyeweza kumeza, aliyebadilika tabia au kuwa mkali ghafla anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara huishia kifo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe.

SUFURIA NDOGO

Mke wa sajini alibuni utaratibu ambao kila nyumba inaweza kuufuata bila kutumia hata faranga moja zaidi. Mboga au maharagwe yakishaiva, na kabla ya kutiwa vitunguu, chumvi na viungo, yeye huchota sehemu ya mbwa na kuiweka katika sufuria ndogo. Baadaye huichanganya na ugali na ndagala. Familia hula mboga yake iliyoungwa, na mbwa hula mboga ile ile isiyoungwa. Chungu ni kimoja, makaa ni yale yale. Tofauti ni wakati wa kuchota tu. Makombo ya mezani, yaliyokwisha kupata mchuzi, hayafiki tena langoni.

Kwa askari wanaofanya kazi na mbwa jambo hili lina uzito wa pekee. Mbwa wa kunusa na kufuata nyayo hutegemea pumzi, na pumzi hutegemea damu. Mbwa aliyepungukiwa damu hawezi kukimbia wala kunusa kwa muda mrefu, na mwenye kumwongoza anaweza kudhani ni mvivu. Mabaki ya jiko la kambi, yenye vitunguu kwa kilo, yasimwagwe mahali mbwa wanapofika.

Wahenga walisema pia kwamba sumu haionjwi. Mbwa hawezi kulijua hilo, kwa kuwa yeye huonja kila kitu. Kujua ni kazi ya mwenye mkono unaolisha. Na siku mnyama atakapolala asiinuke, basi kabla ya kumtazama jirani juu ya ukuta, yafaa kwanza kutazama ndani ya chungu. Chungu hakikasiriki kikiulizwa, wala hakihitaji kuombwa radhi baadaye.